Namna ya Kukagua na Kulinda Mapanga ya Turbaini ya Gesi Dhidi ya Ulikaji wa Joto Kali

Fundi aliyekulia Unguja au Pemba hahitaji kufundishwa kutu, kwani ameona bati la nyumba ya pwani likitoboka mapema kuliko la nyumba ya shamba. Akienda kufanya kazi Ubungo au Kinyerezi, kwenye mitambo ya gesi inayolisha gridi ambayo visiwa vyetu vimeungwa nayo kwa nyaya za chini ya bahari, ataikuta chumvi ileile ikiwa na tabia nyingine. Bati hupata kutu kwa unyevu. Panga la turbaini, yaani bapa la chuma linalosukumwa na gesi ya moto, huliwa na chumvi iliyoyeyuka.

Kwa hiyo, kabla ya kushika chombo chochote, ulizia joto la chuma chenyewe, si la gesi inayopita tu, na ulizia mafuta yanayochomwa. Sodiamu iliyoingia na hewa au mafuta hukutana na salfa, ikawa salfeti ya sodiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 884 za Selsiasi. Ikishakuwa majimaji huliyeyusha ganda la oksidi linaloikinga aloi, yaani mchanganyiko wa metali uliounda panga, na salfa ikapenya ndani. Ulikaji huu wa aina ya kwanza hushamiri baina ya nyuzi 850 na 950 hivi. Aina ya pili hutokea baina ya nyuzi 650 na 750, na ndiyo inayowababaisha wengi, maana hapo salfeti ya sodiamu peke yake bado ni yabisi. Ikichanganyika na salfeti ya kobalti iliyotoka kwenye chuma au koti lake (tabaka la kinga lililovishwa juu yake), mchanganyiko huo huweza kuyeyuka kuanzia nyuzi 565 hivi. Usidhani, basi, kwamba shina la panga limesalimika kwa kuwa halipati moto mkali.

Unapoingiza boroskopu, kifaa chembamba cha kuchungulia ndani ya mtambo, tafuta uso uliovimba na kubanduka magamba, pengine wenye rangi ya kijani ya oksidi ya nikeli: hiyo ni dalili ya aina ya kwanza. Aina ya pili huacha vishimo vidogo vidogo. Panga likitolewa, kwangua utando wake na uuhifadhi pakavu kabla ya kuosha, kwa sababu salfeti huyeyuka kwenye maji na ushahidi wote huondoka nayo. Kosa hili ni jepesi mno kulifanya, hasa mkuu wa zamu anapotaka kuona kitu kisafi.

Mtambo unaochoma mafuta mazito una adui wa ziada, metali ya vanadi, ambayo oksidi yake huyeyuka chini ya nyuzi 700. Sodiamu huweza kuondolewa kwa kuyaosha mafuta kwa maji na kuyazungusha kwenye mashine ya kutenganisha, lakini vanadi imefungamana na mafuta yenyewe, haitoki. Dawa yake ni kuongeza magnesi, kwa kawaida mara tatu ya uzito wa vanadi, ili majivu yabaki yabisi. Nayo majivu hayo hujikusanya kwenye mapanga na hulazimu kuoshwa turbaini ikishapoa.

Upande wa hewa, kagua vichujio mara nyingi zaidi upepo unapovuma kwa nguvu kutoka baharini. Osha kompresa, sehemu ya mbele inayokandamiza hewa, kwa maji yaliyoondolewa madini, kamwe si ya kisima, na wakati wa kuosha mtambo ukiwa umesimama fungua njia zote za kutolea maji, vinginevyo chumvi uliyoitoa mbele utakuwa umeisukuma nyuma kwenye mapanga ya moto.

Katika kuchagua aloi, tazama kromi: kati ya aloi za nikeli, IN-738 ina asilimia 16 hivi, IN-939 ina 22 hivi. Koti lenye alumini nyingi hufaa zaidi kwenye joto la juu, ilhali lenye kromi nyingi huistahimili vyema aina ya pili. Andika saa za kazi za kila seti ya mapanga, na uyapeleke kuvishwa koti jipya kabla ulikaji haujafika kwenye aloi ya chini, kwani chuma kilichokwisha kuliwa hakirudishwi na koti.