Kabla Hujanyanyua Tairi la Mbele

"Kaka, wewe uliutoaje woga?" Swali hili huwa la kwanza, na mara nyingi anayeuliza amekalia pikipiki ambayo si yake. Anataka nimpe neno moja la kumtia moyo, jioni hiyohiyo akanyanyue tairi la mbele. Sina neno hilo. Woga wangu ulipungua siku mguu wangu wa kulia ulipojua kushusha pikipiki, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu. Wiki mbili za mwanzo nilijilazimisha kuwa jasiri, nikaambulia kiwiko kilichochubuka na taa ya mbele iliyopasuka.

Ninachozungumzia hapa ni wili, yaani kwenda kwa tairi la nyuma peke yake, maana karibu kila anayejifunza michezo ya pikipiki anaanzia hapo. Kusimama kwa tairi la mbele na kuzungusha duara kwa kuserereka ni habari za baadaye sana.

Kwanza kaa chini ujiulize unaogopa nini hasa, kwa sababu woga huu huwa mchanganyiko. Upo wa kupinduka kinyumenyume, pikipiki ikakufuata juu. Huo una haki yake. Upo wa bosi: chombo ni cha mtu, jioni anataka hesabu yake, na usukani ukipinda leo kesho hujui utasema nini. Na upo wa kuchekwa na wenzako wa kijiweni. Wa kwanza unapungua kwa mazoezi. Wa pili haupungui hata ufanye mazoezi mwaka mzima, kwa kuwa hautoki kwenye mwili, unatoka mfukoni. Nimewaona madeiwaka, yaani madereva wa kushikia chombo kwa siku, wanajifunzia kwenye pikipiki walizokabidhiwa asubuhi, na kila tairi likinyanyuka akili inakwenda kwenye bei ya spea. Mtu wa namna hiyo anachelewa kukanyaga breki kwa sababu anafikiria mambo mawili kwa wakati mmoja. Kama huna chombo chako, changeni wawili watatu mnunue mkweche wa mazoezi tu, uliokwisha kuchubuka pande zote. Pikipiki ambayo hakuna atakayeililia ni dawa nzuri kuliko ushauri wangu.

Wala haihitaji kuwa kubwa. Mwaka 1991 Mjapani Yasuyuki Kudo alikwenda kilomita 331 kwa tairi la nyuma bila kushusha, akiwa juu ya Honda TLM220R, pikipiki nyepesi ya kupandia miamba. Boxer au TVS ya kawaida inatosha kujifunzia. Toa vioo, toa keria, toa kila kitu cha chuma kinachoweza kukuchoma ukianguka.

Kisha mpelekee fundi, na hapa usibane hela. La kwanza kabisa ni breki ya nyuma. Viatu vya breki viwe vizima, na kanyagio la breki lirekebishwe urefu mpaka ncha ya buti yako iwe juu yake wakati wote huku unyayo ukiwa kwenye chuma cha kuwekea mguu. Kama ni lazima uinue mguu ndipo uifikie breki, hiyo nusu sekunde ya kuinua ndiyo itakayokuangusha. Nenda nyumbani ukarudi hata mara tatu mpaka fundi aipate sawa. Pikipiki nyingi zimefungwa kwa mtu anayeendesha safari ndefu, na breki iko juu mno au chini mno kwa kazi hii.

La pili ni waya wa mafuta. Ukiuachia mkono, mafuta yafunge yenyewe kwa kishindo, hata usukani ukiwa umekatwa mwisho kulia au kushoto. Waya unaonatanata una siku yake, na siku hiyo itakuwa ile ambayo tairi liko juu. Kagua pia cheni isilegee sana, spoku zote zikazwe, beringi za shingo ya usukani zisiwe na mchezo maana zitapigwa na kila kushuka. Angalia oili. Pikipiki ikisimama kwa tairi la nyuma, oili inakimbilia nyuma ya injini, na pampu inaweza kuvuta hewa. Kwa mwanafunzi wa sekunde mbili tatu si tatizo, lakini injini yenye oili pungufu haitakuvumilia.

Kuna kifaa ambacho fundi umeme wa pikipiki yeyote mwenye akili anaweza kukifunga: swichi ya kuzima injini yenye kamba, unaivaa mkononi kama bangili. Ukitupwa nyuma, kamba inachomoka na injini inazima hapohapo. Nilipofungiwa hiyo, nilishangaa jinsi kifua kilivyokuwa chepesi siku iliyofuata. Wapo pia wanaochomelea chuma nyuma ya siti ili pikipiki ikizidi kuinuka chuma kiguse chini kabla haijapinduka. Ni kizuri kikichomelewa kwenye fremu yenyewe na mtu anayeijua kazi. Kikichomelewa ovyo kinakatika, na wewe ulikuwa umekiamini.

Mavazi. Helmeti ya kufunika uso mzima, yenye ile sponji ngumu nyeupe ndani, na ikiwezekana iwe na alama ya ECE 22.05 au 22.06. Ivae, funga mkanda, tikisa kichwa kwa nguvu: ikibaki inacheza yenyewe, si saizi yako. Ile sponji hupokea pigo kwa kubonyea, na ikishabonyea hairudi, kwa hiyo helmeti iliyokwisha kugonga lami na kichwa ndani yake imemaliza kazi, hata kama rangi bado inang'aa. Glavu za ngozi, kwa sababu kila aangukaye hutanguliza viganja. Vilinda magoti na viwiko, hata vya mitumba. Buti, si ndala wala raba laini. Watu husahau nyuma: katika wili mtu huangukia makalio, na kifandugu kikipata ufa utakula umesimama kwa wiki kadhaa. Kilinda mgongo kinachoshuka mpaka kiunoni kina thamani kuliko koti la kung'aa. Joto la Dar, ndiyo, ninalijua. Fanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi.

Asubuhi ina faida nyingine pwani. Upepo wa baharini hupamba moto mchana, na pikipiki iliyosimama kwa tairi la nyuma inakamata upepo kama tanga. Ukiwa unaukabili, tairi linapanda kirahisi kuliko ulivyozoea na unaweza kujiona umeiva kumbe upepo umekusaidia. Ukigeuza, mambo yanabadilika.

Kuhusu mahali, barabara ya umma isahau. Si suala la trafiki kukukamata tu, ingawa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inalo jina la uendeshaji wa namna hiyo. Hata ile bima ya lazima ya chombo ni kwa ajili ya watu wengine utakaowadhuru. Mguu wako na pikipiki yako havimo. Na barabarani kuna mtoto atakayekatiza, mbuzi, daladala inayopakia. Tafuta uwanja wa lami au zege uliofungwa, omba ruhusa kwa mwenyewe kwa mdomo wako, usimhonge mlinzi. Changarawe inatelezesha tairi la nyuma wakati unaachia klachi, kwa hiyo kila jaribio linakuwa tofauti na la kabla yake na mwili haujifunzi kitu. Fagia mchanga. Pima urefu: kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa unakula mita tano na nusu kila sekunde, kwa 40 ni mita 11. Ukijumlisha kuanza, kunyanyua, kushusha na kusimama bila haraka, mita 150 ndizo nafasi ndogo ninayoikubali mimi, na mwisho wake pasiwe na ukuta. Mtu anayeuona ukuta unakuja anakaza mikono kabla hata hajaanza.

Nenda na mtu mmoja, wawili wakizidi. Usiende peke yako kamwe, wala usiende na kundi. Shangwe za kijiweni zimevunja watu wengi kuliko lami, na simu inayorekodi inakufanya ujaribu kitu ambacho mwili haujakuruhusu. Huyo mwenzako awe anajua mambo mawili. Ukianguka ukawa hujielewi au unalalamika shingo, asikuvue helmeti labda kama huwezi kupumua, na asikuinue kukukalisha. Pia awe na namba ya mtu mwenye gari aliyekubali mapema. Majeruhi wa uti wa mgongo kubebwa mshikaki katikati ya watu wawili juu ya bodaboda ni jambo ninalolikuta mara kwa mara, na linafanywa kwa nia njema kabisa.

Na mnywaji atakwambia ushushe kidogo ili upate moyo. Viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipigwa marufuku mwaka 2017, ushauri wake bado upo. Pombe haitoi woga. Inachelewesha mguu, na mguu ndio mwalimu wetu hapa.

Sasa mguu wenyewe. Siku ya kwanza usinyanyue chochote. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, magoti yamebana tenki. Fungua mafuta kidogo, gusa breki ya nyuma. Fungua, gusa. Fanya hivyo mpaka unachoka na kujiona mjinga. Mimi nilikuwa nahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa sababu anayehesabu kwa sauti hawezi kushikilia pumzi, na mtu aliyeshikilia pumzi mikono yake ni miti. Nikishindwa kuhesabu nilijua woga umepanda, nasimama.

Siku ya pili anza kutumia klachi. Pikipiki ndogo haipandi kwa mafuta peke yake: vuta klachi kwa vidole viwili, pandisha resi kidogo, achia ghafla. Tairi litaruka shubiri moja, na hapohapo gusa breki, hata kama lilikuwa linashuka lenyewe. Hili ndilo watu wanaliruka. Unataka breki ije bila kuitwa. Tairi la nyuma likizuiwa, mwili wako na pikipiki vilivyo juu ya ekseli bado vinataka kwenda mbele, na pua inaanguka. Ukiyaona hayo mara hamsini kwa shubiri moja, utaamini kwa shubiri tano.

Wengi watakuambia klachi inatosha: vuta klachi, nguvu inakatika, pua inashuka. Ni kweli, lakini mpaka mahali fulani tu. Katika kunyanyuka kuna pale uzito wote unapokaa juu ya ekseli ya nyuma, na pikipiki inasimama yenyewe kama mtungi kichwani. Chini ya hapo uzito unakurudisha mbele, kwa hiyo ukikata nguvu inashuka. Ukishapita hapo uzito unakuvuta nyuma, na kuvuta klachi hakukusaidii tena. Iliyobaki ni breki ya nyuma. Aliyezoea klachi peke yake anaugundua ukweli huu akiwa amelala chali.

Ajabu ni kwamba wanafunzi wanapaogopa hapo pa mizani kuliko pengine pote, wakati kukaa chini yake ndiko kunakoleta mwendo. Tairi likiwa chini ya hapo unalazimika kuendelea kufungua mafuta lisishuke, pikipiki inakimbia, gia inakwisha, na ghafla uko kwenye kilomita 50 na hujui la kufanya. Wili ya juu ni ya polepole. Lakini usiikimbilie, panda kwa shubiri.

Mkono wa kulia nao una tabia mbaya. Pua ikiinuka mwili unateleza nyuma, mkono unaning'inia kwenye mafuta kama unashika bomba la daladala, na kadiri unavyoning'inia ndivyo mafuta yanavyofunguka. Si ujasiri wala uoga, ni uzito tu. Dawa yake ni magoti: yakibana tenki, mikono inabaki miepesi. Ukihisi unavuta usukani, magoti yameachia.

Na fanya zoezi la kutoka. Mwendo wa kutembea, mwenzako pembeni, shuka kwa nyuma ukatue kwa miguu, uachie pikipiki iende ikalale yenyewe. Ndiyo sababu nilisema mkweche. Asiyewahi kuiachia ataing'ang'ania siku mbaya.

Dakika 20 kwa siku zinatosha, kwa sababu kiganja kikichoka klachi inaachiwa vibaya na unaanza kulaumu woga. Acha ukiwa bado unataka kuendelea. Kabla hujaondoka zungusha tairi la mbele kwa mkono uone kama rimu imepinda, gusa spoku moja moja, angalia kama oili inavuja, rudisha vioo. Halafu endesha kwenda nyumbani kwa matairi yote mawili, hata kama wale wa kijiweni wamesimama wanakusubiri.