Namna ya Kumsikiliza Mabel Mercer

Anayekutana na Mabel Mercer, mwimbaji wa kabare (uimbaji wa vilabu vidogo vya usiku), kwa mara ya kwanza kupitia rekodi zake za uzeeni huenda akashindwa kuelewa sifa zake zimetoka wapi. Sauti imeshuka, noti za juu hazifikiwi tena, na mistari mingi inakaribia kusemwa kuliko kuimbwa. Hata hivyo, Frank Sinatra, mwimbaji mashuhuri wa Marekani ambaye hakuwa na upungufu wowote wa sauti, alikiri hadharani kwamba alijifunza kwa mwanamke huyu jinsi ya kuyapanga maneno ya wimbo, na watunzi wa New York walimletea nyimbo zao ili ziimbwe na mtu atakayezielewa. Walichokisikia wao kinaweza kusikika na yeyote mwenye subira, ila kinadai usikilizaji tofauti na ule tuliouzoea, kwa sababu ufundi wa Mercer hauko katika uzuri wa sauti bali katika kuufanya kila mstari usikike kama umesemwa na mtu mwenye sababu ya kuusema.

Inafaa kujua kwanza alikuwa akiimba wapi, maana ukumbi ndio uliomfundisha. Alizaliwa mwaka 1900 huko Burton upon Trent, Uingereza, mama yake akiwa msanii wa majukwaani, na alipofika umri wa miaka 14 aliacha shule ya watawa akaanza kuzunguka na kundi la sanaa la familia. Katika miaka ya 1930 aliimba Paris kwenye klabu ya Bricktop's, iliyoendeshwa na Ada Smith, Mmarekani mweusi, ambako wateja walikuwa karibu kiasi kwamba mwimbaji aliweza kumwimbia mtu mmoja mezani pake bila kupaza sauti. Alivuka kwenda Marekani mwaka 1938, na katika miaka ya 1940 akawa nguzo ya klabu ya Tony's, Mtaa wa 52 Magharibi, New York. Humo aliimba akiwa ameketi kitini, mgongo umenyooka, mikono imetulia mapajani, mpiga piano akiwa pembeni yake. Katika chumba cha namna hiyo, kugeuza shingo kidogo kunatosha kubadilisha maana ya ubeti, na sauti ya kujaza jumba la opera ingekuwa utovu wa adabu. Kwa hiyo unapomsikiliza nyumbani, usiongeze sauti ya spika ili kumpa ukubwa ambao hakuutafuta. Iweke katika kiwango cha mtu anayezungumza nawe mkiwa chumba kimoja, kisha uache shughuli nyingine zote, kwa kuwa Mercer akiwekwa nyuma ya kazi za jikoni hubaki kuwa mwanamke wa makamo anayenong'ona juu ya piano.

Anza na rekodi alizoifanyia kampuni ya Atlantic katika miaka ya 1950, hasa zile za nyimbo za mtunzi Cole Porter. Wakati huo sauti yake ilikuwa bado na nguvu ya kushika lahani barabara, na ufundi wa maneno ulikuwa umekwisha komaa, kwa hiyo sikio geni lina pa kushika. Rekodi za jukwaani za ukumbi wa Town Hall, New York, mwaka 1968, ambamo anapokezana na mwimbaji na mpiga piano Bobby Short, ziache kwa baadaye.

Kabla ya kuusikiliza wimbo wowote, tafuta maneno yake na uyasome kwa sauti kama unavyosoma barua, bila kufuata lahani hata kama unaijua. Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote, na kwa msikilizaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza ni ya lazima. Unaposoma, angalia fikra inakomea wapi, kwa maana mara nyingi haikomei mahali vina vinapokomea. Angalia pia ni nani anayesema, anamwambia nani, na ni jambo gani analolikwepa. Nyimbo nyingi za kale za Broadway, yaani za tamthilia za muziki za New York, zimejengwa juu ya mtu anayesema jambo moja huku akimaanisha jingine, na ukisikiliza lahani peke yake hutaliona pengo hilo.

Sasa sikiliza mara ya kwanza bila kutafuta chochote. Mara ya pili fuatilia pumzi tu. Umbo la kawaida la nyimbo hizi ni vipimo 32 vya muziki (makundi madogo ya mapigo) vilivyogawanywa katika sehemu nne zenye urefu sawa. Ya kwanza, ya pili na ya nne hufanana, na ya tatu huleta lahani nyingine kabla ya kurudi nyumbani. Umbo hilo humvuta mwimbaji apumue kila mwisho wa mstari, na waimbaji wengi hulitii. Mercer hupumua pale fikra inapokwisha. Akiwa na sentensi iliyovuka mpaka wa mistari miwili, ataivusha kwa pumzi moja. Akiwa na neno ambalo msemaji angesita kulitamka, atasita, hata kama lahani ilikuwa inamsukuma mbele. Gonga mapigo kwa kidole mezani huku akiimba, nawe utagundua kwamba piano inakwenda na kidole chako wakati yeye anachelewa nyuma yake, halafu anaharakisha maneno matatu au manne ili kufika pamoja na mpiga piano mwishoni mwa sehemu. Uchelewaji huo una kazi: neno lililotangulia hupata muda wa kumwingia msikilizaji, na lile linalofuata huja kama wazo lililozaliwa papo hapo. Hapa ndipo Sinatra alipochota, na ukishalisikia jambo hili kwa Mercer utalitambua kwake pia, katika nyimbo zake za taratibu.

Usiuruke utangulizi wa wimbo. Nyimbo zilizoandikiwa tamthilia za muziki katika miaka ya 1920 na 1930 zilikuwa na utangulizi wenye mwendo huru, uliomtoa mhusika katika mazungumzo na kumwingiza katika wimbo wenyewe. Bendi za dansi ziliuacha kwa sababu hauchezeki, na umma ukaja kuzijua nyimbo hizo zikiwa zimekatwa kichwa. Waimbaji wa kabare waliuhifadhi, na Mercer aliuthamini kuliko wengi wao, kwa kuwa ndani yake hadithi inapangwa: nani ameachwa, yalitokea lini, na kwa nini mtu huyu anajitia kutabasamu.

Wimbo mzuri wa kufanyia mazoezi ni "Just One of Those Things", ambao Cole Porter aliuandika mwaka 1935. Maneno yake ni ya mtu anayeagana na mpenzi wake na kusisitiza kwamba yote yalikuwa mambo ya kupita. Sikiliza kwanza Sinatra alivyouimba mwaka 1954 katika albamu "Swing Easy!", kwa mwendo wa kuchangamka, bendi ikimbeba: mtu huyo ameshapona, au ana haraka ya kuondoka. Kisha msikilize mwimbaji wa jazi Ella Fitzgerald katika albamu yake ya nyimbo za Porter ya mwaka 1956, ambamo lahani inatoka safi kila noti mahali pake. Ukimaliza hao rudi kwa Mercer, ujiulize kama msemaji wake anaamini anachokisema. Kwa sikio langu haamini, na jinsi anavyojizuia kulikiri hilo ndiyo tafsiri yenyewe. Si lazima ukubaliane nami. Muhimu ni kuweza kuonyesha neno gani, na kusita kupi, kulikokufikisha kwenye maoni yako.

Zoezi la pili, gumu zaidi, ni "The End of a Love Affair". Msemaji wa wimbo huo anaorodhesha vituko vyake tangu aachwe, anatembea kasi mno, anaendesha gari kasi mno, na anajua watu wanamshangaa. Mwimbaji wa jazi Billie Holiday aliuimba mwaka 1958 katika albamu "Lady in Satin", akizungukwa na fidla na ala nyingine nyingi za nyuzi, na jeraha liko wazi tangu neno la kwanza. Mercer anauimba kama mtu mwenye heshima zake anayetoa maelezo kwa wageni, akitaja kituko kimoja baada ya kingine bila kuomba huruma, na huruma inakuja yenyewe kutoka kwa msikilizaji.

Kuna kikwazo kimoja ambacho ni vyema kukitaja. Matamshi yake ni ya jukwaa la kale la Uingereza: herufi "r" inazungushwa ulimini, konsonanti za mwisho zinatamkwa zote, na mwanzoni hali hiyo inaweza kusikika kama majivuno. Vumilia nyimbo chache. Konsonanti hizo ndizo zinazomwezesha kuimba kwa sauti ndogo bila neno hata moja kupotea, na sikio likizizoea, waimbaji wanaomeza maneno huanza kuchosha.

Fuatilia vilevile nyimbo ambazo hazikuwa maarufu kabla yake. "Remind Me", ya Jerome Kern na Dorothy Fields, ilitumika katika filamu ya mwaka 1940 na ingeweza kusahaulika kama Mercer asingeishikilia mwaka hadi mwaka. Mtunzi Alec Wilder alimwandikia nyimbo. Bart Howard, aliyempigia piano katika nusu ya pili ya miaka ya 1940, ndiye aliyetunga mwaka 1954 wimbo uitwao "In Other Words", ambao dunia inaujua leo kama "Fly Me to the Moon". Ukikumbuka kwamba mtunzi huyo aliketi usiku baada ya usiku kando ya mwimbaji huyu, utaelewa kwa nini wimbo huo, ukiimbwa polepole, ni wa mtu anayehangaika kutafuta namna ya kusema jambo rahisi.

Baada ya majuma kadhaa ya rekodi za awali utakuwa tayari kwa Town Hall ya 1968. Mercer alikuwa na umri wa miaka 68. Tafuta wimbo aliourekodi pia alipokuwa na umri mdogo zaidi, uweke matoleo hayo mawili pamoja, na uangalie ni noti zipi sasa anazigusa tu na kuziacha, na ni maneno gani yamepata uzito mpya kwa sababu msemaji amezeeka. Nyimbo za kukumbuka mapenzi ya zamani zinanufaika sana. Zile za kuchangamka, kwa maoni yangu, wakati mwingine zinamlemea, na hakuna haja ya kujilazimisha kuzipenda kwa kuwa tu ni yeye aliyeziimba.

Usisikilize zaidi ya nyimbo tatu au nne kwa mkao mmoja, kwa sababu umakini unaodaiwa na kila wimbo hupungua haraka na zinazofuata huanza kufanana. Utakapotaka mwimbaji wa kuendelea naye, chukua upande wa Bobby Short katika rekodi hizo hizo za Town Hall. Mwaka huo huo wa 1968 alianza kuimba katika Café Carlyle, New York, alikodumu hadi 2004, naye anazifikia nyimbo za aina ile ile kwa njia ya mpiga piano, ambamo mdundo ndio unaoongoza maneno.