Somo: Kusimulia ngano ya zamani kwa mdomo wa mhusika mwingine

Wiki hii nimeulizwa jambo hili mara nne. Naliandika hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Chagua ngano ambayo wasomaji wako wanaijua. Wasipoijua, hawataona ulichogeuza.

2. Orodhesha matukio yake. Ukurasa mmoja watosha.

3. Tafuta aliyepata hasara bila kuulizwa. Mimi nilimchukua Papa, yule ambaye Kima alimsimulia kisa cha Punda wa Dobi. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alikichapisha mwaka 1870, ingawa wengi wetu tulikisikia kwa mdomo kwanza.

4. Mpe anachokijua yeye, si unachokijua wewe. Hapa ndipo nilipoharibu. Papa kambeba Kima mgongoni, wako katikati ya bahari, anamwambia sultani anaumwa na dawa ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo kauacha mtini. Papa anageuka. Katika rasimu yangu Papa alijua wazi kuwa anadanganywa. Nikawasomea watoto pale maktaba ya Kaloleni, mmoja akauliza, "Kama alijua, mbona alirudi?" Nilikosa jibu. Kurasa kumi na moja zikaenda jaani. Papa wa sasa hajui, ila anatamani iwe kweli, maana amekula kuyu, matunda ya mkuyu, alizopewa na rafiki yake siku nyingi mno.

Onyo: usifute tukio ili kumsafisha mtu wako. Papa lazima ageuke. Tena asiwe malaika; moyo alikubali kuuleta.

5. Soma kwa sauti mbele ya watoto. Watu wazima watakusifu tu.

MASWALI

Wa Kayole: Naanzia wapi?
— Hatua ya 1.

Wa Rongai: Yaani mbaya namgeuza mzuri, basi?
— Onyo liko hatua ya 4, ndugu. Sikuliandika kujaza nafasi.

Wa Umoja: Mwalimu, nataka Sinderela kwa mdomo wa dada wa kambo. Nifuate toleo lipi?
— Swali tamu, dada. Kwa mwandishi Perrault, Ufaransa 1697, dada wanasamehewa na kuozwa kwa mabwana wa ikulu. Hapo huna vita. Nenda kwa ndugu Grimm, Ujerumani, toleo la 1857. Mmoja anakata kidole cha mguu, mwingine kisigino, na kisu wanapewa na mama yao: ukiwa malkia hutatembea tena kwa miguu. Anzia hapo, mlango umefungwa, mama amenyoosha kisu.

Wa Umoja: Na kiatu cha kioo?
— Ni cha Perrault. Cha Grimm ni dhahabu. Usivichanganye.

Wa Kibera: Niweke "paukwa, pakawa"?
— Weka, ila jiulize nani anaitikia. Papa wangu anawasimulia samaki wanaongoja mlangoni pa sultani.

Wa Githurai: Mimi hujirekodi kwa simu ndani ya matatu, jamu ikishika Thika Road. Shida ni muziki.
— Usipande nganya, zile matatu za muziki mkubwa.