SOMO: Kuchoma DVD isiyoganda mwishoni

Wakuu salaam.

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara tano kwa nini DVD inacheza vizuri halafu inaganda njiani. Naandika hapa mara moja. Atakayenifuata tena kwa meseji namrushia uzi huu.

1. Nunua diski zenye jina la kiwanda. Zile za kufungwa kwa nailoni zisizo na maandishi waachie wenyewe.

2. Hamishia kazi yote kwenye diski ya ndani ya kompyuta (hard disk), usichome ukitoa kwenye flashi. DVD kwa 1x, yaani spidi ya msingi, inakula karibu MB 1.4 kila sekunde. Kwa 16x inakula MB 22. Draivu nyingi zina bafa ya MB 2, yaani akiba isiyofika hata sehemu ya kumi ya sekunde. Flashi ikisita kidogo, leza inakosa cha kuandika. Enzi za draivu za kwanza za CD diski ilikuwa imeshakufa hapo. Za baadaye zina kinga: leza inasimama, inasubiri, inaendelea ilipoishia. Diski inapona ila muda unapotea, na wewe unabaki unatukana draivu.

3. Funga programu nyingine, zuia antivairasi isikague wakati huo, laptopu iwe kwenye chaji.

4. Kama ni ya kuchezwa kwenye deki, itengeneze iwe DVD-Video yenye folda la VIDEO_TS. Kama nakala ni nyingi, tengeneza imeji ya ISO kwanza, yaani faili moja lenye nakala kamili ya diski, uchome hiyo. Programu ya ImgBurn inafanya bure.

5. Spidi. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo vumilieni.

Niliwahi kupewa kazi ya DVD 60 za harusi. Diski za 16x, nikachoma kwa 16x, kila moja kama dakika 6. Nikajaribisha moja, dakika tano za mwanzo safi, nikafunga mzigo. Siku ya tatu mama wa bwana harusi ananipigia: "Mwanangu, picha imesimama kwenye zawadi." Kwenye zawadi! Pale ambapo kila aliyetoa friji anataka ajione akilikabidhi. Nilirudia zote 60 kwa pesa yangu.

Sababu ni hii. DVD inachomwa kuanzia ndani kwenda ukingoni, na hiyo 16x ya kwenye boksi huipati mwanzoni. Draivu nyingi huanza kwenye 6x hivi, zinapanda taratibu, zinafika 16x ukingoni kabisa. Sasa ukingo ndiyo sehemu dhaifu: diski iliyopinda kidogo huyumba zaidi hapo, na kwenye diski za bei poa rangi inayounguzwa na leza haijakaa sawasawa. Sehemu mbovu kuliko zote unaichoma kwa spidi kubwa kuliko zote. Kompyuta yako inaweza kuisoma hivyohivyo kwa kurudiarudia, lakini deki ya sebuleni haina subira hiyo.

Diski ya 16x ichome kwa 8x. Itachukua dakika 9 hivi badala ya 6. Mimi kwa diski 60 niliokoa saa tatu, nikalipia kwa wiki mbili za kuombana radhi.

ANGALIZO: wapo watakaokwambia uchome kwa 1x au 2x ili "iive vizuri". Hapana. Rangi ya diski za 16x imetengenezwa kwa ajili ya leza kali inayopita haraka. Ukienda polepole mno inaweza kutoka mbaya zaidi. Draivu nyingi hazitakukubalia hata kidogo.

ANGALIZO la pili: unapojaribisha, ruka moja kwa moja hadi dakika kumi za mwisho. Mwanzo wa diski haukwambii kitu.

6. Kwenye programu chagua kufunga diski (finalize), weka alama ya kuhakiki (verify), subiri. Usiitoe kabla haijamaliza.

Maswali karibuni.

chalii_wa_kona: Mkuu nimechoma mp4 kwa 8x kama ulivyosema na deki haisomi. Nishushe spidi?

Mleta somo: Namba 4.

chalii_wa_kona: Nimeisoma ila sijaelewa.

Mleta somo: Umeburuta faili ukalichoma kama data. Deki yako inatafuta VIDEO_TS, haioni. Spidi haihusiki hapa.

Mzee_Kifaa: Faili GB 4.5, diski imeandikwa 4.7, inagoma. Programu uliyotupa ni mbovu.

Mleta somo: Programu haina kosa mzee wangu. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Ile 4.7 kwenye Windows ni 4.38. Punguza.

bi_mkunazini: Samahani mwalimu. Kompyuta ya ofisini ni Windows XP. Zamani DVD ilichukua dakika 10, siku hizi 40, na mausi inakwamakwama. Draivu imezeeka?

Mleta somo: Swali zuri dada, na hiyo mausi imenipa jibu. XP ikipata makosa kadhaa ya mawasiliano na draivu, mfano diski chafu, inaishusha kutoka DMA, njia ya haraka isiyomsumbua prosesa, kwenda PIO, njia ya polepole, na hairudi yenyewe. Kwenye PIO prosesa inabeba data kwa mkono, ndiyo maana kila kitu kinazubaa. Fungua Device Manager, tafuta chaneli ya IDE (njia inayounganisha draivu na kompyuta) yenye draivu yako. Ukikuta PIO, ifute chaneli hiyo na uwashe kompyuta upya, itajisajili tena. Angalia na waya wake, ukilegea tatizo litarudi.

bi_mkunazini: Imerudi dakika 9! Ubarikiwe. Na kwa nini DVD za dukani hazififii kama tunazochoma?

Mleta somo: Za dukani zimegandamizwa kiwandani, vishimo vyenyewe vipo kwenye plastiki. Za kwetu ni rangi iliyounguzwa na leza, na rangi hudhurika kwa jua. Usiache kwenye dashibodi ya gari.

kijana_wa_data: Nani anachoma DVD leo? Wape flashi.

Mleta somo: Nilishawapa. Moja ikarudi na vairasi, nyingine harusi imefutwa wakajaza singeli. Anayetaka flashi nampa, mwenye deki nampa DVD.

fundi_pasi: Draivu ya nje ya USB inajizima katikati ya kuchoma.

Mleta somo: Umeme hautoshi. Kama waya wake una vichwa viwili, chomeka vyote viwili, na kwenye deskitopu tumia matundu ya nyuma. Kama mashine ni ya kale yenye USB 1.1 usihangaike, inapitisha MB 1 kwa sekunde, haifiki hata 1x ya DVD.

bi_mkunazini: Na kuandika majina juu yake, kalamu ya kawaida inafaa?

Mleta somo: Ya risasi na ya bolpeni hapana, hasa kwenye CD, maana tabaka lenye data liko chini tu ya upande wa maandishi, ukilikwaruza imekwenda. DVD ina plastiki pande zote mbili, inavumilia kidogo. Tumia maka ya ncha laini. Na stika za karatasi msibandike, zinafanya diski iyumbe.