Jogoo wa Kuchi asizeekee banda moja

Kama una kuku wachache wa asili, aina ya Kuchi au Singamagazi, hapo Igunga au Sikonge mkoani Tabora, kabla ya kuhesabu matetea, mwangalie jogoo. Mmoja anatosha matetea 8 hadi 10, lakini akikaa banda lilelile mpaka binti zake waanze kutaga, atawapanda haohao. Ndipo mayai yanaviza, vifaranga wanadumaa, na watu wanasingizia husuda. Kila mwaka badilishaneni majogoo na jirani anayefuga aina hiyohiyo, ikiwezekana wa kijiji cha mbali kidogo. Mgeni mtenge wiki 2 kwanza. Na kideri, ugonjwa wa Newcastle unaofyeka kuku, msikifanyie mzaha: chanjo ya matone ya jicho hurudiwa kila miezi 3, kundi zima.

Chotara wa kununua? Fuga ukipenda, wanakua haraka, ila wawe na banda lao na uzio wao. Damu ikishachanganyika, mbegu ya asili huipati tena, na wengi wao hata kuatamia hawataki. Halafu yule jogoo mrefu kuliko wote, jamani, ndiye wa mbegu, asiuzwe Krismasi. Mteja wa sikukuu mpe mdogo wake, atakula tu.