Jinsi ya kufuatilia hela ya ruzuku shuleni kwa mwanao

Wazazi wenzangu wa Bongo, kila siku tunalia shule za serikali zimeshuka, watoto wanabanana wanne dawati moja, ila kikao cha wazazi kikiitwa wanatokea wamama watatu na babu mmoja. Kabla hujaenda kumpandishia mwalimu mkuu, piga hesabu kwanza.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 ruzuku ya shule ya msingi iliwekwa sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, yaani kiwango kilekile cha enzi za MMEM (mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi) 2002, bei za vitu zimepanda mara ngapi tangu hapo sijui nani anahesabu. Na haiji yote, 4,000 inabaki huko serikalini kwa ajili ya vitabu, shuleni inatua 6,000. Uliza shule ina watoto wangapi, zidisha. Wakiwa 600 ni 3,600,000 kwa mwaka, laki tatu kwa mwezi, mia tano kwa kila mtoto, hela ya chapati. Humo atoe chaki, fotokopi za mitihani, bili ya umeme, kitasa cha mlango wa darasa la tano... Ukishaiona hiyo namba utajua mapema kama mwalimu mkuu ni mpigaji au kaachiwa tu mzigo.

Sasa nenda. Anza na mbao za matangazo, mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa pale, kama hamna basi simama kikaoni uulize kwa upole "mwalimu, miezi mitatu hii imeingia shilingi ngapi na imetumikaje?" na hakikisha swali limeingia kwenye muhtasari, maana lisipoandikwa hujauliza. Mjumbe wa kamati ya shule mnayemjua mbaneni, wale ndio wanaopitisha matumizi.

Halafu uliza walimu, hapa ndo pana shida kubwa kuliko hela. Kipimo ni mwalimu 1 kwa watoto 45, vyoo tundu 1 kwa wasichana 20 na wavulana 25. Hesabu mwenyewe, linganisha na shule ya mjini kati.

Michango? Toa ukiweza, ila mtoto harudishwi nyumbani kisa hujatoa, akirudishwa nenda kwa afisa elimu kata.

Kote wakikuzungusha, wazazi kadhaa msaini barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.