Vitenzi vya Kijerumani kwa anayeanza: achana na jedwali, shika mazungumzo

Kila kitabu cha Kijerumani cha mwanzo kina lile jedwali la nafsi sita, na kila anayeanza hulikariri kutoka ich hadi Sie kama anayeghani shairi. Akiulizwa swali, inabidi aanze tena juu kabisa: ich, du, er… mpaka afike anapotaka. Hadi hapo aliyemuuliza ameshachoka kusubiri. Ninaowafundisha huwa nawanyang'anya jedwali hilo mwanzoni na kuwapa utaratibu ufuatao.

Kabla ya hatua zenyewe, mambo mawili. Anayezungumza Kiswahili ameshazoea kitenzi kinachombeba mtenda: kwenye "ninasoma", ile ni- iko mbele. Kijerumani kimeipeleka alama hiyo mwisho wa kitenzi, na bado kinadai kiwakilishi kitajwe: ich lerne (mimi ninajifunza), du lernst (wewe unajifunza). Mtenda anatajwa mara mbili, na hakuna ruhusa ya kumwacha. Ukisema "Lerne Deutsch" ukidhani -e inatosha kukutaja, Mjerumani atasikia unamwamuru ajifunze Kijerumani.

La pili, wakati uliopo ni mmoja tu. Ninajifunza, najifunza, huwa najifunza, zote ni ich lerne. Ukiongeza morgen, yaani kesho, umepata hata wakati ujao. Waliopitia Kiingereza hupenda kuchomeka bin (umbo la ich la kitenzi sein, yaani kuwa) na kuandika "ich bin lerne". Ifute kila unapoiona.

Hatua ya 1: Toa shina

Ondoa -en. Lernen inabaki lern-, kommen inabaki komm-, wohnen (kuishi mahali) inabaki wohn-. Vitenzi vichache huishia -n peke yake (wandern, sammeln, tun). Hapo ondoa -n tu.

Hatua ya 2: Bandika kiambishi tamati

ich (mimi) wohn-e
du (wewe) wohn-st
er, sie, es (yeye) wohn-t
wir (sisi) wohn-en
ihr (ninyi) wohn-t
sie (wao), Sie (wewe wa heshima) wohn-en

Nafsi ni sita lakini viambishi ni vinne: -e, -st, -t na -en. Tena wir na sie (wao) hazikuhitaji ukariri chochote, kwa sababu kitenzi kinarudi kuwa kama kilivyo kwenye kamusi. Anayekiuka hapo ni sein peke yake, na tutamfikia.

Sisi tuna yeye mmoja, Wajerumani wana er, sie na es, lakini kiambishi hakijali: ni -t kwa wote. Jina la mtu, jina la kitu na man, yaani mtu yeyote, navyo huchukua -t: Anna wohnt hier, der Zug kommt, man lernt.

Linalovuruga watu ni sie. Linaweza kuwa yeye wa kike, wao, au wewe wa heshima. Tazama kitenzi: sie wohnt ni yeye, sie wohnen ni wao. Sie ya heshima huandikwa kwa herufi kubwa na hufuata wao: Wo wohnen Sie? Itumie kwa mtu mzima usiyemfahamu, ofisini, hospitalini, kwa mwenye nyumba. Du ni ya jamaa, marafiki na watoto, na hao wakiwa wawili au zaidi unawaambia ihr.

Sasa mazoezi. Usishuke jedwali. Katika maongezi ukiulizwa kwa du unajibu kwa ich, ukiulizwa kwa ihr unajibu kwa wir. Kwa hiyo fanya mazoezi kwa jozi hizo, kwa sauti: Wohnst du hier? Ja, ich wohne hier. Kommt ihr morgen? Ja, wir kommen morgen. Chukua vitenzi vitano vya kawaida uvizungushe hivyo mpaka mdomo usiulize ruhusa. Programu za simu zinazokupa majibu manne uchague moja sizipendi kwa kazi hii. Zinakufundisha kulitambua jibu likiwa mbele yako, na kwenye maongezi hakuna atakayekuwekea jibu mbele yako. Daftari na kalamu vinatosha.

Hatua ya 3: sein na haben

Hivi viwili, sein (kuwa) na haben (kuwa na), kariri, hakuna ujanja. Sein: ich bin, du bist, er ist, wir sind, ihr seid, sie sind. Haben: ich habe, du hast, er hat, wir haben, ihr habt, sie haben. Seid ya kitenzi ina d. Seit yenye t ni neno jingine kabisa.

Hatua ya 4: Viambishi vinapogongana na shina

Shina likiishia t au d, kiambishi -st au -t hakitamkiki vizuri, kwa hiyo huchomekwa -e-: du arbeitest, er arbeitet, ihr arbeitet, du findest, er findet. Ni vivyo hivyo kwa mashina yenye konsonanti ngumu kuziunganisha, kama öffnen (er öffnet) na regnen (es regnet). Wewe unayesema "pigia" lakini "somea" bila kujiuliza kwa nini, sikio lako litaizoea upesi.

Shina likiishia s, ß, z au x, ile -st ya du humeza s yake: du heißt, du tanzt, du reist. Matokeo yake du na er zinafanana.

Hatua ya 5: Vitenzi vinavyobadilisha irabu

Hapa ndipo wengi hukwama, na mimi nilikaa hapa kuliko sehemu nyingine zote, kwa hiyo usiharakishe.

Baadhi ya vitenzi hubadilisha irabu ya shina, kwa du na kwa er/sie/es tu. Mabadiliko makuu ni ya namna tatu:

a huwa ä: fahren, du fährst, er fährt. Pia schlafen, tragen, waschen, fallen. Laufen huingia humu: er läuft.
e huwa i: sprechen, du sprichst, er spricht. Pia helfen (hilft), essen (isst), geben (gibt), treffen (trifft), vergessen (vergisst).
e huwa ie: sehen, du siehst, er sieht. Pia lesen (liest) na empfehlen (empfiehlt).

Mpaka hapo ni rahisi. Tabu iko kwenye yafuatayo.

Ihr haibadilishi irabu kamwe. Kwa kuwa er na ihr zote zina -t, mtu huandika "ihr spricht" bila kushtuka. Ni ihr sprecht, ihr fahrt, ihr seht.

Si kila kitenzi chenye a au e kinabadilika. Machen, sagen, fragen, kaufen, leben na lernen havibadiliki: er fragt, wala si "er frägt". Kanuni inayosaidia ni hii: kitenzi kinachounda wakati uliopita kwa -te (machte, fragte, lebte) hakigusi irabu yake katika wakati uliopo. Kinachobadilika hutoka kwenye kundi la vile vinavyogeuza irabu hata wakati uliopita, kama sprechen na sprach. Lakini kanuni hairudi kinyumenyume. Gehen na stehen hugeuka wakati uliopita (ging, stand) na bado husemwa er geht, er steht. Kommen nacho ni er kommt. Vyenye i, ie au ei kwenye shina, kama trinken, fliegen na schreiben, haviguswi.

Kitenzi chenye kiambishi mbele humfuata mzazi wake. Ukijua er spricht, umejua er verspricht. Ukijua er steht, umejua er versteht.

Nehmen hubadilisha na tahajia: du nimmst, er nimmt. H imeondoka, m zimekuwa mbili.

Halafu kuna halten. Niliikuta sentensi "Der Bus hält hier" (basi husimama hapa) nikaitafuta -t ya er nisiione. Hatua ya 4 ilikuwa imeniambia shina linaloishia t hupokea -e-, kwa hiyo nilitarajia "er hältet", na hakuna kitu kama hicho. Niliipekua vitabuni saa nyingi, na maelezo yake ni mafupi: irabu ikibadilika, ile -e- haichomekwi. Ndiyo maana du hältst, er hält (t ya shina na t ya kiambishi zimekuwa moja), lakini ihr haltet, maana kwa ihr irabu haikubadilika na -e- imerudi. Einladen (kipande ein hukatika, tazama Hatua ya 7) hufuata njia hiyo hiyo: du lädst ein, er lädt ein, ihr ladet ein. Arbeiten na finden hazibadilishi irabu katika wakati uliopo, kwa hiyo -e- yake haitoki. Ukiweka hält na arbeitet kando kwa kando daftarini, huna haja ya kusoma aya hii tena.

Mwisho, amri kwa mtu mmoja unayemwita du. Vitenzi vya e kwenda i au ie hubaki na mabadiliko: sprich! nimm! lies! gib! Vya a kwenda ä huyaacha: fahr! schlaf! lauf!

Utajuaje kitenzi kipya kiko upande gani? Usikisie, fungua kamusi. Mimi hutumia DWDS, kamusi ya Kijerumani iliyoko mtandaoni bila malipo. Kwenye maelezo ya sarufi ya sprechen utakuta: spricht, sprach, hat gesprochen. Umbo la kwanza ni la er, nalo ndilo ufunguo. Toa -t, weka -st, umepata du. (Hält imekataa hata hapa: unaongeza -st bila kutoa kitu.) Kwa sababu hiyo kitenzi kisiingie daftarini kwangu peke yake. Huingia kwa mkupuo: sprechen, er spricht, hat gesprochen. Orodha ndefu za "vitenzi 200 visivyo vya kawaida" ziache. Andika kile ulichokutana nacho leo kwenye sentensi, na uandike sentensi yenyewe chini yake.

Hatua ya 6: können, müssen na ndugu zao

Vitenzi hivi (kuweza, kulazimika, kutaka, kuruhusiwa, kupaswa) vina kanuni moja ya kuvutia: ich na er ni sawa, na hakuna kiambishi. Ich kann, er kann. Ich muss, er muss. Ich will, er will. Ich darf, er darf. Ich soll, er soll. Kosa la kawaida ni "er kannt", kwa sababu mkono umeshazoea -t. Kwa du weka -st kwenye umbo hilo: du kannst, du darfst, müssen hutoa du musst. Wingi hurudi kwenye kamusi: wir können, ihr könnt, sie können. Wissen si ndugu yao wa damu lakini hutembea nao: ich weiß, du weißt, er weiß.

Kitenzi cha pili hukaa mwisho wa sentensi bila kubadilishwa: Er kann heute nicht kommen. Hapo pana msaada mkubwa kwa anayeanza. Ukisahau umbo la er la empfehlen katikati ya mazungumzo, sema Er will das Buch empfehlen, na kazi yote ya nafsi inabebwa na will. Maana inasogea kidogo, lakini sentensi haikwami. Möchte (ningependa) nayo ijue mapema: ich möchte, du möchtest, er möchte. Utaihitaji kila unapoomba kitu kwa adabu.

Hatua ya 7: Vinavyokatika

Aufstehen, einkaufen, anrufen. Kipande cha mbele hukatika na kwenda mwisho wa sentensi, na kinachobaki hufuata hatua zote za juu: Ich stehe um 6 Uhr auf. Sie ruft morgen an. Anayesikiliza hungoja hadi neno la mwisho ndipo ajue umesema nini, na hiyo si shida yako.

Hatua ya 8: Wakati uliopita, wa kuanzia

Kwa kuzungumza, anza na Perfekt. Achana na sprach, ging na wenzake mpaka uanze kusoma habari na hadithi, isipokuwa war (nilikuwa) na hatte (nilikuwa na), ambazo Wajerumani huzitumia kila siku: ich war, du warst, er war, ich hatte, du hattest, er hatte.

Perfekt ni haben au sein iliyobadilishwa kwa nafsi, pamoja na umbo la mwisho lisilobadilika: Ich habe gelernt. Er hat gesprochen. Vingi huchukua haben. Sein ni ya kutoka sehemu moja kwenda nyingine (ich bin gefahren), ya kubadilika hali (er ist eingeschlafen), na ya sein na bleiben vyenyewe (ich bin geblieben), japo kubaki si kwenda popote.

Ge- huingia mbele ya shina, na kwa vinavyokatika huingia katikati: eingekauft, aufgestanden. Haiingii kabisa kwenye vitenzi vinavyoanza na be-, ver-, ent-, er-, zer-, wala vinavyoishia -ieren: Ich habe verstanden. Wir haben lange telefoniert.